Uzoefu wangu na vipimo vya upepo vya ndege zinazoingia ndani ya vimbunga

Ninaishi kusini mwa Florida, na katika kila msimu wa vimbunga, kuanzia Juni hadi Novemba, hufuatilia takwimu zinazotumwa na ndege za WC-130J za Jeshi la Akiba la Anga la Marekani, zenye makao Biloxi, Mississippi, pamoja na zile za WP-3D za NOAA, shirika la Marekani la bahari na angahewa. Takwimu hizo hutolewa kwa umma bila malipo wakati ndege ingali angani, nami huzitumia kuamua lini nifunge mabati kwenye madirisha na lini familia iondoke. Kwa maoni yangu ni huduma ya kuaminika sana, mradi mtumiaji ajue kila chombo kinapima nini. Upepo unaotumika kupanga daraja la kimbunga (la 1 hadi la 5) ni wastani wa dakika moja, mita 10 juu ya uso wa bahari, na huko ndege haifiki.

Upepo wa kimo cha ndege hupimwa vizuri, lakini ni upepo wa takribani mita 3,000 juu. Kwa kawaida wataalamu huchukua asilimia 90 yake kukadiria upepo wa chini. Dropsondi, yaani silinda ndogo inayodondoshwa kwa parachuti na kufuatiliwa kwa GPS, hushuka hadi baharini, ila husoma mstari mmoja tu wa hewa, na huenda ikakutana na mvumo wa ghafla wa upepo ambao hauwakilishi kimbunga kizima. Hata hivyo, ninaithamini mno. Ni dropsondi za GPS, zilizoanza kutumika 1997, zilizowafundisha wataalamu jinsi upepo unavyopungua kuelekea chini, na kutokana na elimu hiyo Kimbunga Andrew cha 1992, kilichopiga kusini mwa Miami, kilipandishwa 2002 kutoka daraja la 4 hadi la 5.

Chombo kinachohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni radiometa ya mikrowevu, SFMR, yaani kifaa cha kwenye ndege kinachopima mnururisho unaotoka baharini. Hiki hakiugusi upepo kabisa: hutazama povu la bahari, kwa kuwa upepo unapozidi povu huongezeka na mnururisho wa mikrowevu hupanda, kisha hutumia masafa (frikwensi) sita ya mikrowevu kutenganisha athari ya mvua na ya upepo. Mvua ikiwa kubwa na upepo ukiwa wa wastani, utenganishaji huo huwa mgumu. Kwenye maji ya kina kifupi, ambako mawimbi huvunjika kwa sababu nyingine, usomaji huweza kupanda isivyostahili, na kwetu sisi wakazi wa pwani hapo ndipo kimbunga kinapokuwa karibu kutufikia. Isitoshe, wataalamu wameonyesha wasiwasi kwamba katika vimbunga vikali kabisa chombo hiki husoma juu kupita kiasi.

Pamoja na kasoro hizo, sisi tuna bahati: Bahari ya Hindi haina safari za kawaida za namna hii. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania Mei 2024, nguvu yake ilikadiriwa zaidi kwa picha za satelaiti.

Kwa hiyo, radiometa ikisoma kilomita 250 kwa saa huku upepo wa kimo cha ndege ukiwa 240, ambao chini ungekuwa kama 216, naangalia mgandamizo wa hewa uliopimwa na dropsondi ndani ya jicho la kimbunga. Ukiwa unashuka kila ndege inapopita, dalili kwamba kimbunga kinaongezeka nguvu, siendelei kubishana na tofauti ya vyombo; tunaondoka.