Hela ya safari: noti za dola, kadi ya dola au kadi ya shilingi?

Haya watazamaji, karibuni. Mezani leo tuna noti za dola, kadi ya akaunti ya shilingi, kadi ya akaunti ya dola, kadi ya kujaza hela kabla ya safari, na simu yenye kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye pesa za simu. Unatoka Dar kwenda kutembea Dubai, Istanbul, London au Guangzhou. Hela ya matumizi unaibebaje ili isiliwe njiani?

Tuanze na hesabu, maana watu wengi wanaogopa makato yanayoandikwa na kuyaacha yale yasiyoandikwa. Makato ya wazi unayaona kwenye meseji ya benki. Yale mengine yamekaa ndani ya reti, na huko ndiko hela inakopotelea.

Chukua kitu cha dirham 1,000 Dubai. Dirham imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja ni dirham 3.6725, kwa hiyo kitu hicho ni dola 272.29. Sasa tuseme reti ya katikati, yaani katikati ya bei ya kununua na ya kuuza dola, siku hiyo ni shilingi 2,600 kwa dola. Namba zangu za shilingi ni za mfano; za siku yako zitazame kwenye tovuti ya Benki Kuu na kwenye ubao wa pale unaponunulia.

Ukinunua noti kwa 2,640, ukafika Dubai ukazibadilisha kwa 3.66, kitu hicho kimekugharimu kama 721,300. Ukilipa kwa kadi ya akaunti ya dola, dola ulizonunua benki kwa 2,660, na benki ikakata asilimia 1 ya muamala wa nje, ni kama 731,500. Ukilipa kwa kadi ya shilingi, benki ikapiga reti yake ya 2,680 na juu yake asilimia 3, ni kama 751,600. Tofauti ya noti na kadi ya shilingi ni elfu 30 kwenye kitu kimoja. Ukitumia dirham 5,000 safari nzima, inapita laki moja na nusu.

Kwa hiyo noti ndiyo mshindi? Kwa Dubai, ndiyo, kwa sababu dirham haichezi. Kila duka la kubadilishia fedha linajua kwamba mteja anaijua bei, halina nafasi kubwa ya kumkamua. Riyal ya Saudia iko vilevile, 3.75 kwa dola tangu 1986, kwa hiyo mwenda Umra naye noti zinamfaa. Ukienda Istanbul mambo yanageuka. Lira inapanda na kushuka, reti ya uwanja wa ndege na ya mtaani hazifanani, na huko kadi ya dola inaanza kupumua.

Sasa tuzitazame noti zenyewe, maana hapa ndipo watu wanapokwamia kaunta. Sogeza kamera. Hii ni dola 100 mpya, ile iliyoingia kwenye mzunguko Oktoba 2013. Mkanda wa bluu huu haujachapwa juu, umefumwa ndani ya karatasi. Inamishe noti mbele na nyuma: zile kengele ndogo kwenye mkanda zinageuka kuwa 100. Kulia kwa mkanda kuna kichupa cha wino chenye kengele ndani yake. Kengele hiyo inabadilika kutoka rangi ya shaba kwenda kijani. Mkanda ukiwa mchoro tu usiocheza, usiipokee.

Karibu na picha ya Benjamin Franklin kuna mwaka wa toleo. Kisheria Marekani yenyewe haijafuta noti zake za zamani, lakini wabadilishaji wa nje wana sheria zao: noti ya zamani yenye picha ndogo ya Franklin, ile wanayoiita kichwa kidogo, inakataliwa au inapewa reti mbaya, na hata ya kichwa kikubwa isiyo na mkanda wa bluu inaweza kukuletea maswali. Noti yenye mchaniko, mhuri au maandishi ya kalamu, rudisha hapohapo kaunta. Usione aibu kumwambia karani akubadilishie. Ukishatoka mlangoni ni yako.

Noti ndogo nazo zina kisa. Dola 1, 5, 10 na 20 kwa kawaida zinapata reti ya chini kuliko 50 na 100, hapa kwetu hasa. Beba chache za teksi na bakshishi, zilizobaki ziwe 100. Shilingi zetu ziache nyumbani. Nje ya Afrika Mashariki ni shida kumpata wa kuzichukua, na akipatikana atakupa reti ya kukuhurumia.

Kununua, nenda benki au duka lenye leseni, uwe na pasipoti, na risiti uitunze. Yule anayekunong'oneza Posta kwamba ana reti nzuri, mpite. Ukiibiwa au ukipewa noti bandia hapo huna wa kumlalamikia. Kama una akaunti ya dola na unataka noti, piga simu tawini mapema, kwa sababu si kila tawi lina dola taslimu kila siku, na uulize makato ya kutoa. Ukibeba dola 10,000 au zaidi, zitangaze forodha unapotoka nchini. China ukiingia na fedha za kigeni zaidi ya dola 5,000 taslimu, unatangaza pia.

Tuje kwenye kadi. Kadi ya akaunti ya dola ndiyo tunayoipa alama za juu, lakini kwa sharti moja: dola ziwe zimeingia kabla. Mtu anayefungua akaunti ya dola wiki ya safari na kuhamisha shilingi jioni ya kuondoka amenunua dola kwa reti ya benki ya jioni ile, basi. Faida yake kubwa inakuja kama unapokea dola kazini au umekuwa ukizikusanya.

Kadi ya shilingi ni ya akiba. Haina ubaya, ila kila unapochanja unabadilishiwa fedha kwa reti usiyoiona mpaka meseji iingie. Kabla ya safari waulize benki: kadi imefunguliwa kutumika nje? Kikomo cha siku ni kiasi gani kwa ATM, na kiasi gani kwa mashine za dukani? Mnakata asilimia ngapi muamala wa nje, na kutoa hela ATM ya nje ni makato gani? Halafu omba namba ya simu inayoanza na +255. Namba za bure za huduma kwa wateja ukiwa Istanbul saa nane usiku hazipatikani, na ndiyo saa unayotaka kadi ifungwe.

Laini yako ya Tanzania iende nawe, na huduma ya kuitumia nje uiwashe kabla hujapanda ndege. OTP, ile namba ya siri ya mara moja ya kuthibitisha malipo ya mtandaoni, inakuja kwenye laini hiyo. Ukiitoa ukaweka laini ya huko, kadi ina hela na wewe hulipi kitu mtandaoni. Simu ya laini mbili inamaliza tatizo hili.

Na sasa lile swali la mashine. Unachanja kadi dukani, au unatoa hela ATM, mashine inakuuliza: ulipe kwa fedha ya hapa, au kwa shilingi za Tanzania? Inakuonyesha shilingi kabisa, na unajisikia nyumbani. Ukichagua shilingi, reti inapangwa na mwenye mashine, na faida yake iko ndani. Kwa mfano wetu wa dirham 1,000, akiongeza asilimia 8 juu ya reti ya katikati unalipa kama 764,600, ghali kuliko njia zote tulizotaja. Na benki yako bado inaweza kukukata ada ya muamala wa nje, kwa sababu duka liko nje.

Mwenye kadi ya dola naye asijione salama. Mashine inakisia fedha ya kadi kwa kusoma tarakimu za mwanzo, na inaweza kukisia vibaya. Ikiona kadi ya Tanzania ikakupa shilingi, nawe ukakubali, dirham inageuzwa shilingi, kisha shilingi inageuzwa dola. Umekatwa mara mbili kwa soda moja.

Jibu ni lilelile kila nchi: chagua fedha ya nchi uliyopo. Kwenye ATM kuna skrini mbili zinazofanana na ndizo zinazowachanganya watu. Ya kwanza inakutajia ada ya mashine; hiyo ukiikataa muamala unakufa, kwa hiyo ama unaikubali ama unatafuta mashine nyingine. Ya pili inakuletea reti na kukuuliza kama unakubali kubadilishiwa. Hapo bonyeza "Decline" au "Without conversion". Hela inatoka kama kawaida. Dukani mwangalie mhudumu asikubonyezee. Ukishaona shilingi kwenye karatasi, mwambie aufute muamala na aanze upya kabla hujaondoka.

Ada ya ATM mara nyingi ni ya kila mara unapotoa, kwa hiyo toa mara moja kiasi cha kutosha siku kadhaa kuliko kudonoa kila siku. Tumia mashine iliyo ndani ya benki, saa za kazi. Ikimeza kadi, kuna mtu wa kumgongea kioo.

Jambo lingine linalowamaliza watu ni dhamana ya hoteli na ya gari la kukodi. Ukifika, wanashika kiasi fulani kwenye kadi. Kwa kadi ya benki ya kawaida hiyo ni hela yako halisi: ipo kwenye akaunti lakini hauigusi, na kuachiwa kwake kunaweza kuchukua siku kadhaa baada ya kuondoka, wakati mwingine wiki. Uliza hotelini kama wanapokea dhamana taslimu, wakupe risiti, urudishiwe unapotoka. Dubai ongeza pia ile tozo ya utalii, dirham 7 hadi 20 kwa chumba kwa usiku kufuatana na daraja la hoteli. Mara nyingi haimo kwenye bei uliyolipa mtandaoni.

Kadi ya kujaza kabla? Kwa mzazi anayempa kijana hela ya safari, nzuri, kwa sababu ikipotea inapotea na kilichomo tu. Kwa wengine, makato ya kujaza na ya kukaa bila kutumika yanaila polepole, na wakodishaji wengi wa magari wanaikataa. Kadi ya mtandaoni ya pesa za simu ni ya kulipia hoteli na tiketi ukiwa bado Sinza. ATM huendi nayo, maana haina plastiki.

Miji nayo ina tabia zake. London, basi halipokei taslimu tangu Julai 2014. Unagusisha kadi, na iwe kadi ileile siku nzima ili kikomo cha nauli ya siku kikuhesabie. Dubai metro inataka kadi ya Nol, kadi ya nauli ya huko. Ya Silver ni dirham 25, na 19 kati yake ni salio la kutumia, hivyo hapo noti ndogo za dirham zinakusaidia.

Guangzhou ndiko kunakohitaji maandalizi, na wafanyabiashara wa Kariakoo wanalijua hili. Maduka yanalipwa kwa simu, kwa kuskani msimbo wa QR. Pakua Alipay, programu ya malipo ya China, ukiwa Dar, sajili kwa pasipoti, unganisha Visa au Mastercard yako, na ujaribu OTP kabla ya safari. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana ada ya Alipay. Yakizidi, asilimia 3. Lakini kadi ya nje humlipa mfanyabiashara aliyesajiliwa, haitumi hela kwa mtu binafsi. Kuna wauzaji wa jumla wanaotoa msimbo wa QR wa mtu binafsi, na hapo malipo yanagoma. Muombe msimbo wa duka, au uwe na yuan mkononi.

Mgawanyo wetu kwa safari ya wiki moja yenye dola 1,500 za matumizi: Dubai, dola 900 noti na 600 kwenye kadi ya dola. Istanbul au London, noti 300 tu, zilizobaki kadi. Kadi ya pili iwe ya mtandao tofauti, moja Visa nyingine Mastercard, na isikae pochi moja na ya kwanza. Moja kiunoni, nyingine kwenye sanduku la usalama la chumba. Mwachie mtu wa nyumbani kiasi kidogo cha kukutumia kwa Western Union mambo yakiharibika. Unakipokea kwa pasipoti na namba ya muamala.

Ukirudi na noti, usizibadilishe zote kama una safari nyingine karibuni. Uliyonunua kwa 2,640 huenda wanainunua kwa 2,540, kwa hiyo dola 300 zinakutoka elfu 30 kwa kuvuka kaunta tu. Sarafu zitumie hukohuko, za nje hazibadilishwi hapa. Na risiti za kadi zitunze mpaka dhamana zote zirudi na taarifa ya akaunti ya mwezi unaofuata itoke, maana duka linaweza kukukata mara ya pili ukiwa umeshafika Ubungo, na benki itakachokuuliza kwanza ni karatasi.