Babu alizama baharini, tovuti ikasema alifia Nairobi

Nyota 2 kati ya 5.

Nimelipia kwa miezi minne huduma moja ya mtandaoni ya kutafuta mababu, ile inayotangaza kwamba ina "rekodi zote za vifo vya wanajeshi" wa vita vyote viwili vya dunia. Jina lake nalihifadhi. Naandika kwa ajili ya yeyote ambaye kwao kuna mzee aliyekwenda vitani asirudi, na anayefikiria kutoa pesa zake.

Niliyekuwa namtafuta ni kaka yake babu, ambaye kwetu naye ni babu tu. Nyumbani Machakos hadithi ni moja: alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Mwingereza la huku Afrika Mashariki, akafia Burma. Basi nikaandika jina, nikachagua King's African Rifles, nikachagua Burma, 1944. Hakuna. Nikajaribu 1943, nikajaribu 1945, nikabadilisha tahajia mpaka nikachoka. Mwezi wa kwanza ukaishia hapo.

Kumbe kosa la kwanza lilikuwa letu wenyewe. Kwa wazee wetu kila askari wa Mwingereza alikuwa Keya, awe wa bunduki, wa lori au wa mizinga. Aliyenikwamua ni shangazi. Ana karatasi ya bomani kuhusu mshahara wa marehemu, imekunjwa mara nne na imeanza kukatika kwenye mikunjo. Juu kuna namba ya jeshi, na tarakimu ya mwisho unaweza kuisoma 1 au 7. Nikaweka 1, akatokea mtu mwingine kabisa. Nikaweka 7, huyo hapo: East African Artillery, yaani wa mizinga, kikosi cha 301, amefariki tarehe 12 Februari 1944.

Hiyo ndiyo siku meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo, ilipopigwa topido na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi. Ilizama kwa dakika kama mbili. Ndani walikuwamo watu 1,511 na walionusurika ni 214. Kikosi cha 301 kilikuwa humo. Kwa hiyo Burma yenyewe babu hakuiona.

Sasa tuje kwenye tovuti. Ukurasa wake unasema: mahali alipofia, Nairobi, Kenya. Wameweka na ramani, doa jekundu liko Ngong Road. Nilikaa siku mbili nikijiuliza kama alirudishwa hospitali, kama kulikuwa na askari wawili wenye namba moja, mpaka nikaelewa. Askari wetu waliozama na ile meli hawana makaburi. Majina yao yako kwenye East Africa Memorial, ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road. Kompyuta imechukua mahali jina lilipochongwa ikapafanya mahali pa kifo. Ukiwafungua wenzake wa kikosi, nao wote "wamefia" Nairobi siku hiyo hiyo moja. Mtu asiyejua atadhani jiji lilipigwa bomu.

Jina nalo ni kituko. Musyoka limekuwa Musioka, na hilo nalisamehe kwa sababu karani wa zamani aliandika alichosikia. Lakini zile herufi s/o, ambazo kila aliyewahi kushika karatasi ya mkoloni anajua ni "mwana wa", wao wamezifanya jina. Babu sasa ana jina la katikati, So. Kina So wamejaa humo! Ndiyo maana ukitafuta kwa jina hutoboi. Anza na namba, kisha tarehe, kisha kikosi. Jina liache mwisho, na uandike herufi tatu nne za mwanzo tu.

Upande wa mama hali ni ngumu zaidi. Babu yake alichukuliwa kubeba mizigo katika vita vya kwanza, akapotelea huko. Hana namba, hana tarehe, hana karatasi. Hapa siilaumu tovuti kwa kukosa jina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri katika ripoti yake kwamba marehemu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Pale Kenyatta Avenue, kwenye mnara wa askari, wapagazi wanasifiwa kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Jina hata moja hulioni.

Ninachoilaumu tovuti ni jibu lake ukikosa kitu: "Hatukupata rekodi ya kifo. Habari njema: huenda ndugu yako alinusurika." Nilimsomea mama. Alinyamaza, kisha akaniuliza nalipa shilingi ngapi kwa mwezi.

Nyota mbili nimezitoa kwa haki. Kutafuta kwa namba kunafanya kazi vizuri, na picha za kurasa za asili ni safi, unaona hata mahali karani alipofuta akaandika upya. Ila kabla hujalipa senti, pitia kwanza orodha ya ile Tume, ni bure.

Nilijaza fomu ya masahihisho, nikaambatisha picha ya karatasi ya shangazi. Baada ya wiki saba ukurasa wa babu ukabadilika: "Baharini, Bahari ya Hindi." So bado yuko. Nikawaandikia tena kuwauliza kwa nini wasiwarekebishe na wenzake wote wa meli hiyo, maana kosa ni lile lile. Wakanijibu kwamba ombi la kila marehemu lazima liletwe na ndugu yake, likiwa na uthibitisho wa familia.