Mashine ya Hewa kwa Mgonjwa wa Kukatika Pumzi Usingizini: Huduma Tuliyoipata Upper Hill, Nairobi

Mume wangu amekoroma miaka mingi, nasi tulidhani ni uchovu wa kazi, mpaka usiku mmoja nilipokaa macho nikimsikiliza. Koromo lilikatika ghafla, kifua kikawa kinapanda na kushuka bila hewa kupita, nami nikahesabu hadi 20 kabla hajavuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyeibuka majini.

Kliniki tuliyokwenda ilimpa kifaa cha kujipimia nyumbani, chenye mshipi wa kifuani, mrija mwembamba wa puani na kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni. Hapa nawasifu kwa dhati, kwa sababu mhudumu alimfunga vifaa hivyo mara moja, akavifungua, kisha akamtaka ajifunge mwenyewe mbele yake. Matokeo yalionyesha kwamba pumzi yake ilikatika au kupungua mara 41 kwa saa, ilhali kuanzia mara 30 huhesabiwa kuwa hali kali. Daktari alitueleza kwa utulivu kwamba misuli ya koo hulegea usingizini na kuziba njia ya hewa, ubongo ukamzindua mgonjwa kidogo tu ili apumue, naye asubuhi hakumbuki lolote. Ndipo tukaelewa kwa nini alikuwa akisinzia kwenye matatu asubuhi, na kwa nini presha yake ilikataa kushuka ijapokuwa anameza dawa.

Mashine yenyewe, ambayo daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1981, haimpi mgonjwa oksijeni kama jirani zetu walivyodhani. Husukuma hewa ya kawaida kupitia barakoa ili koo lisizibe. Usiku wa kwanza chumba kilikuwa kimya hata nikaamka mara mbili kumgusa kifua.

Kasoro ilikuwa barakoa. Waliyotuuzia ilikuwa kubwa, hewa ikavuja kandokando ya pua na kumpiga machoni, akawa anaamka na macho mekundu. Tulipiga simu siku nne bila kupokelewa, na hatimaye tukaambiwa kwamba atazoea. Hakuzoea, aliiweka mashine chini ya kitanda kwa wiki mbili, na koromo likarudi. Niliumia sana, kwa kuwa muuguzi aliyetuhudumia baadaye alimpima pua kwa rula ya plastiki, akambadilishia ndogo, na tatizo likaisha siku hiyo hiyo. Vilevile hawakututajia kwamba umeme ukipotea mashine huzimika, jambo ambalo mkaazi yeyote wa Nairobi angepaswa kuambiwa kabla ya kulipa. Betri ya akiba tuliitafuta wenyewe.

Upimaji wao naupendekeza bila kusita. Atakayenunua mashine kwao aombe kujaribu barakoa akiwa amelala chali, mashine ikiwa imewashwa, kwa kuwa ile ya kwanza haikuvuja hata kidogo alipokuwa ameketi kitini.