TAHADHARI: Wenye mashine za zamani za kuoshea vyombo, msitume taima zenu kwa "fundi wa kubadilishana"

Wadau, kuna mtu anazunguka mtandaoni akiuza spea za mashine za zamani za kuoshea vyombo, zile zenye taima ya kuzungusha kwa mkono (kile kidude chenye kitufe kinachopeleka mashine hatua moja baada ya nyingine), na watu wanalizwa. Jina silitaji, kwanza hana moja. Ninachoweza kuwapa ni mbinu yake, maana hiyo haibadiliki hata akifungua akaunti mpya.

Iko hivi. Unaandika mahali kwamba mashine yako imegoma katikati ya kuosha, unaomba ushauri. Kabla watu hawajakujibu, yeye keshakufuata faragha: "Bosi wangu, hiyo ni taima. Taima ikishakufa hakuna namna." Hajauliza mashine inatoa sauti gani, hajauliza kama maji yanaingia wala kama yanapata moto. Anasema anazo mpya kabisa, za stoo ya kiwanda, hazijawahi kufungwa kwenye mashine. Bei anayokutajia ni ya kukukimbiza. Ukishaanza kusita anakushusha: mtumie ile mbovu yako, atakukata zaidi ya nusu, eti atatoa vipande vya ndani. Unafunga mzigo, unatuma na hela. Baada ya hapo ama anakata mawasiliano, ama unaletewa kitu kilichosuguliwa na kupigwa rangi.

Watu wengi wanadhani anachowinda ni hela. Hela ni nyongeza tu. Anachotaka ni taima yako. Nyingi za aina hiyo hazitengenezwi tena, na nyingi kati ya zinazoitwa mbovu ni nzima. Yako anaifuta vumbi, anaipiga rangi, anamuuzia anayefuata kama mpya. Wewe unabaki na mashine ambayo hata fundi mzuri hawezi kuisaidia, kwa sababu kiungo chenyewe hakipo tena cha kukarabatiwa. Wengine wameniambia kwamba wiki chache baadaye wanafuatwa na akaunti nyingine inayojitolea kuja kuwachukulia "chuma chakavu" bure. Sina ushahidi kwamba ni mtu yuleyule, ila akaunti hiyo inaanza vilevile: "Bosi wangu".

Mimi nilinunua kwake taima ya akiba bila kutuma ya kwangu. Kwa nje iling'aa. Lakini vile vidole vya chuma ambako waya huchomekwa vilikuwa na mikwaruzo ya kuchomwa na kuchomolewa, na kimoja kilikuwa na weusi wa kuungua. Kitu ambacho hakijawahi kufungwa kinapataje mikwaruzo? Pembeni palikuwa na stika mpya yenye namba ya spea. Nikaibandua kwa ukucha, chini yake ikatokea namba nyingine iliyopigwa kwenye chuma. Kisha nikaigeuza. Mgongoni, mtu alikuwa ameandika kwa penseli, kwa mwandiko mdogo wa makini, rangi za waya zake: nyekundu, bluu, nyeupe yenye mstari. Yaani ni ya mtu aliyeifungua mwenyewe jikoni kwake, akajiandikia asisahau pa kurudishia. Sasa nauziwa mimi kama mpya ya kiwandani! Hela yangu ilirudi kwa sababu nililipa kwa njia yenye ulinzi wa mnunuzi. Waliomrushia moja kwa moja kwenye namba ya simu bado wanamtafuta.

Kinachomlisha tapeli huyu ni imani kwamba mashine hizi ni fumbo. Si fumbo. Kanuni ni ileile tangu Josephine Cochrane alipopata hataza yake Marekani mwaka 1886: vyombo vinapangwa kwenye vichanja vya waya, maji yanarushwa kwa nguvu. Mashine ya zamani haina kompyuta ndani. Ina pampu, hita ya kupashia maji moto, vali ya kufungulia maji, swichi kadhaa, na taima inayoviamrisha kwa zamu. Kila kimoja kinapimika kwa multimita ya kawaida, ile mita ndogo ya mafundi umeme.

Na hapa ndipo uongo wa "taima imekufa" unapobebeka, kwa hiyo nipeni muda kidogo. Kwenye mashine nyingi za aina hii taima husimama makusudi wakati maji yanapashwa moto. Mota yake ndogo inakatiwa umeme mpaka thamostati, yaani swichi inayohisi joto, iridhike kwamba joto limefika, ndipo inaendelea na hatua inayofuata. Sasa fikiria hita imeungua. Maji hayapati moto kamwe, thamostati haitoi ruhusa, na taima inasubiri palepale siku nzima huku pampu ikizunguka. Mwenye mashine akitazama anaona kitufe hakisogei. Atamlaumu nani? Taima, bila shaka. Tapeli analijua hilo vizuri kuliko wewe.

Kwa hiyo kabla ya kumwamini mtu, chomoa plagi ukutani, funga bomba la maji, chomoa waya za hita uipime. Hita ya wati 2000 kwenye umeme wa volti 230 inapaswa kusoma ukinzani wa karibu omu 26. Ya wati 1000 kwenye volti 120, karibu omu 14. Mita isiposoma chochote, hita imekatika. Kisha weka ncha moja kwenye hita na nyingine kwenye bodi la chuma. Hapo hapatakiwi kusoma kitu, na ikisoma usiiwashe tena mashine hiyo mpaka hita ibadilishwe, maana inavujisha umeme kwenye bodi unaloligusa kwa mikono yenye maji.

Hita ikiwa nzima, nenda kwenye maji. Vali ya kuingizia ina chujio dogo sana ambalo likijaa mchanga maji hutiririka kwa uvivu, na mashine inasubiri kujaa. Angalia trei ya chini pia: baadhi zina boya pale, na maji yakivuja kidogo boya linapanda na kukata vali. Mashine isiyowaka kabisa, anza na swichi ya kitasa cha mlango. Inayonguruma bila kurusha maji, mara nyingi ni kapasita iliyochoka (kile kikopo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka), kipande cha glasi kwenye pampu, au mhimili ulioganda kwa kukaa muda mrefu bila kutumika, ambao pengine utalegea ukiuzungusha kwa mkono. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji taima mpya.

Na taima ikiwa ndiyo kweli, bado haijafa. Ugonjwa wake wa kawaida ni ncha za swichi zilizoungua au grisi iliyokauka, na fundi wa vifaa vya umeme mwenye mikono mitulivu anaweza kuisafisha mbele ya macho yako. Piga picha kila hatua. Taima nyingi hazipendi kuzungushwa kinyume cha saa, kwa hiyo msisitizie hilo mapema.

Huyuhuyu anauza pia mipira ya mlango "mipya ya zamani". Hapa hata asingekuwa tapeli ningewaambia msinunue. Mpira hukakamaa ukiwa kwenye pakiti yake. Uliokaa stoo miaka thelathini utapasuka kwenye kona ukiukunja. Kapasita vilevile huzeeka bila kutumika. Vitu viwili hivyo tafuteni vya sasa vyenye vipimo sawa. Kwa upande wa mpira, hakikisha ni wa kuhimili maji ya moto na sabuni. Sponji ya kuzibia madirisha ambayo wengine wameletewa badala ya mpira inafura na kuanza kunuka.

Kuna wanaouliza kwa nini wasiende tu kwa mtengenezaji. Jaribuni, lakini msitegemee sana. Hata Umoja wa Ulaya, ambako tangu Machi 2021 kanuni inawalazimu watengenezaji kuweka spea za mashine za vyombo kwa miaka 7 au 10 kutegemea aina ya spea, hesabu inaanzia pale mashine ya mwisho ya modeli hiyo ilipoingizwa sokoni. Mashine ya miaka ya sabini au themanini haimo. Ndiyo maana tunabaki kununuliana sisi kwa sisi, na ndiyo maana matapeli wamejaa huku.

Ukilazimika kununua kwa mtu usiyemjua, mwombe picha ya spea ikiwa kando ya karatasi yenye tarehe ya leo na jina lako, na namba iliyopigwa kwenye chuma ionekane, si stika. Mwombe video akizungusha taima polepole usikie mlio wake wote. Muuzaji wa kweli atalalamika kidogo halafu ataituma. Huyu wetu huanza kukupa stori za simu mbovu na za mteja mwingine anayeitaka leo hii. Picha zake nyingine ni za kuiba. Nimeikuta moja kwenye tangazo la zamani la mtu mwingine, na mkwaruzo uleule pembeni.

Wewe ambaye umeshatuma taima yako, usimtishie kwanza, atakuzuia na ujumbe wote utapotea. Hifadhi mazungumzo kwa picha, pamoja na risiti ya kutuma mzigo na ya malipo, kisha nenda haraka kwa waliopitisha malipo, kwani madai yana muda wake wa mwisho. Halafu anza kupekua matangazo ya taima za modeli yako. Kama una picha ya zamani inayoonyesha namba au alama yoyote kwenye yako, iweke karibu, maana inaweza kupita mbele yako ikiwa na rangi mpya.