Tii ya inchi moja au mbili? Na kwa nini baada ya sefti ikae pembeni

Karibuni wadau. Mezani leo nina tii mbili za kusimamishia mpira wa Kimarekani, moja ya inchi 1 na nyingine ya inchi 2. Ninyi wazazi mlioko Marekani, wenye vijana wanaopiga mipira kwenye timu za shule, mmeniuliza sana mnunue ipi.

Sekondari inaruhusu inchi 2. Chuoni mwisho ni inchi 1, na NFL, ile ligi ya kulipwa, ni hivyohivyo tangu mwaka 1994 walipoishusha kutoka inchi 3. Kijana anayeota chuo aizoee hii fupi mapema. Isitoshe hii ni raba nzito, meno yake yanaushika mpira hata ukiuinamisha. Hii ndefu ni plastiki nyepesi; kwenye upepo mpira unaanguka hovyo. Mimi nachukua fupi.

Ila lipo pigo moja ambalo ningemwambia kijana aiache tii pembeni kabisa, nalo ni lile la baada ya sefti. Angalieni: mchezaji akiangushwa na mpira ndani ya eneo lake mwenyewe la mwisho, wapinzani wanapata pointi 2, kisha timu yake ndiyo inawapigia mpira. Adhabu juu ya adhabu! Tena inapiga kutoka yadi yake ya 20, yaani yadi 20 kutoka mstari wa eneo lake la mwisho, wakati mpira wa kuanzia mchezo chuoni hupigwa kutoka ya 35.

Sheria hapa ina huruma kidogo. Mpira wa kuanzia huwezi kuupiga kutoka mikononi, lakini huu unaruhusiwa: unaudondosha, unaupiga kabla haujagusa nyasi. Hakuna anayekurukia, maana wapinzani wamewekwa yadi 10 mbele. Unapiga hatua zako kwa raha, mpira unapaa na kukaa hewani, wenzako wanakimbia kumfikia mpokeaji. Ukiuweka kwenye tii, mara nyingi unakwenda chini na haraka, na mpokeaji anaudaka akiwa na uwanja mtupu mbele yake.

Mtafuteni Sam Koch, mpigaji wa Baltimore Ravens, fainali ya Super Bowl ya Februari 2013 pale New Orleans. Wanaongoza 34 kwa 29, zimebaki sekunde 12, wako karibu na mstari wao. Koch akapokea mpira, akazungukazunguka ndani ya eneo lake, akatoka nje kwa makusudi. Sefti, 34 kwa 31, sekunde 4. Halafu yeyeyule akaupiga juu kutoka mikononi, Ted Ginn wa wapinzani wao 49ers akaudaka na kukimbia, akaangushwa, muda ukaisha. Walitoa pointi 2 wakanunua ubingwa. Naipenda mno akili ile.

Na kama kijana wako ndiye anayepokea, mwambie asiuache ukidundadunda kama anavyoacha ile mipira mingine ya juu inayopigwa kutoka mikononi katikati ya mchezo. Huu ukishavuka yadi 10, waliopiga wanaweza kuuchukua ukawa wao.

Mpigaji naye aogope pembeni. Mpira ukitoka nje bila kuguswa, chuoni wapokeaji wanaweza kupewa mpira yadi 30 kutoka ulipopigwa, yaani katikati kabisa ya uwanja. Sekondari ni yadi 25. Alenge zile namba zilizochorwa uwanjani, mstari wa pembeni auache mbali.