Panya nyumbani: ununue nini Dar, na nini ukiache dukani

Ukipita Kariakoo utasikia kipaza sauti kikirudia orodha ileile: panya, mende, kunguni, viroboto. Vifuko ni vya hela ndogo, ndiyo maana wengi huanza na sumu. Mimi naiweka karibu na mkia wa orodha yangu, kwa sababu ya kule inakokwenda panya akishaila.

Cha kwanza kununua hakiui. Ni wavu wa chuma wa matundu madogo, saruji kidogo na waya wa kusugulia sufuria. Panya mdogo wa nyumbani hupenya upenyo wa milimita 6 tu, kwa hiyo kagua bomba la sinki linapotoka ukutani, chini ya mlango wa jikoni, na pale paa linapokutana na ukuta. Sokomeza waya kwenye tundu, kisha piga saruji juu yake. Wavu wa plastiki wa mbu usiuhesabu, wanautafuna. Ongeza ndoo ya taka yenye mfuniko.

Cha pili ni mtego wa kubana. Nunua mitano au sita kwa mpigo, maana mmoja hautoshi. Ufyatue kwa kijiti kabla hujalipa. Springi ikiwa legevu, panya ataumia bila kufa. Chambo kizuri ni kipande cha nazi iliyochomwa au dagaa, kifungwe kwa uzi asikinyakue. Tega kando ya ukuta, upande wa chambo ukiugusa ukuta, kwa sababu panya hutembea akiambaa. Wale wakubwa wa mitaroni huogopa kitu kigeni, hivyo siku mbili za mwanzo weka chambo bila kutega.

Kizimba cha kunasa panya hai kinafaa nyumba yenye watoto na paka. Ila ukishamnasa utamfanyaje? Kumwachia kiwanja cha pili ni kumhamishia jirani shida.

Sasa sumu. Nyingi za vipande zina brodifakumu au bromadioloni, ambazo huzuia damu kuganda. Panya hafi papo hapo. Huchukua siku kadhaa, na siku hizo zote anaendelea kula, mpaka mwilini anabeba sumu kuliko iliyotosha kumuua. Anazubaa, anatoka mchana, na wa kumdaka ni paka wa jirani, kenge, mwewe au bundi. Brodifakumu hukaa miezi kwenye ini la mlaji, kwa hiyo kila panya anayefuata anaongeza kipimo. Bundi mweupe anayelala darini, yule watu wanayemrushia mawe wakidhani ni mkosi, hula panya kadhaa kwa usiku bila kudai senti. Ukimuua yeye umewapa panya likizo.

Ikibidi sumu, chukua ya vipande vigumu, duka la pembejeo, iliyosajiliwa na TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), pamoja na sanduku la chambo linalofungwa kwa ufunguo. Lebo itaje kiambato: mtoto au mbwa akila, daktari akijua ni brodifakumu ana vitamini K1 ya kumpa. Zinki fosfaidi, unga wa kijivu, haina dawa ya kuikata. Ikifika tumboni hugeuka gesi. Haikai mwilini mwa panya kama brodifakumu, lakini kuku akidonoa chambo chenyewe, basi. Kifuko kisicho na lebo hakikuambii umeshika ipi, kwa hiyo kiache palepale.

Gundi nayo naiacha: inanasa mijusi na ndege, na panya anakufa taratibu kwa mateso. Vifaa vya umeme vya kufukuza panya kwa sauti? Mwaka 2001 tume ya biashara ya shirikisho ya Marekani iliwaonya watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 kuhusu madai yao. Pesa hiyo inunue mitego.

Ukitumia sumu, pita kila asubuhi kutafuta mizoga. Vaa glavu, uifukie kwa kina ambacho mbwa hafukui, na chambo kikiacha kuliwa, kiondoe chote.