Miaka mitatu ya kusomea ualimu wa Kiingereza: nyota tatu kati ya tano

Wadogo zangu wanaojaza maombi ya vyuo wananiuliza sana kuhusu shahada ya sanaa na ualimu, mchepuo wa Kiingereza. Nimeimaliza hapa hapa Tanzania, chuo sikitaji.

Fonetiki ilikuwa tamu. Mhadhiri alitutamkisha irabu mpaka koo likakauka, na leo sisiti mbele ya kamusi. Sintaksia nayo tulichora miti ya sentensi hadi daftari likaisha. Nilipata A.

Ikaja BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, wiki nane, shule ya kata mkoani Singida. Kidato cha kwanza, wanafunzi 87, msingi wote wamefundishwa kwa Kiswahili. Siku ya pili binti mmoja akasimama: "My mother, he is sick." Nikamsahihisha. Kesho yake wengine wanne, kosa lile lile. Ile A yangu haikunisaidia kitu.

Usiku, nikiwa nasahihisha madaftari, ndipo nikashtuka. Kiswahili kina "yeye" mmoja tu, awe baba au mama. Yule binti hakuwa mzembe. Asubuhi nikaandika ubaoni "Anapika", nikauliza: ni nani huyo? Nusu wakasema mama, nusu dada, mmoja akasema babu, darasa likaangua kicheko. Nikawaambia Kiingereza hakikuachi uanze sentensi kabla hujaamua ni he wa mwanamume au she wa mwanamke. Makosa hayakuisha, ila walianza kujisahihisha wenyewe.

Hali ni hiyo hiyo kwenye matamshi. Irabu zetu ni tano, kwa hiyo ship na sheep mtoto anasikia neno moja. Lakini th haitusumbui wengi, maana thelathini na dhahabu tunazo tayari. Mwalimu akijua hivyo, anajua wapi akazanie na wapi apite. Muhula mmoja wa kulinganisha lugha hizi mbili ungetosha. Kwetu Kiswahili kilikuwa idara nyingine, ghorofa nyingine, na mtaala uliandikwa kana kwamba wanafunzi wetu hawana lugha.

Msimamizi wangu alikuja mara moja. Akakagua azimio la kazi, andalio la somo na tai yangu, akaondoka kipindi hakijaisha.

Ukienda, chukua isimu ya Kiswahili kama somo la hiari. Mimi niliiruka kwa sababu ilikuwa Ijumaa jioni.